Barua kutoka Nyeri: Mashine ya Mzee au Mashine Mpya?

Nyeri, Julai

Shemeji yangu,

Kabla hujauliza: radiogramu ya Mzee nimeiona, bado inawaka, na usitume hata shilingi kwa mtu yeyote kabla hujaimaliza barua hii. Nakufahamu. Picha ya mashine inayong'aa ikiingia kwenye simu yako, kidole tayari kiko kwenye M-Pesa.

Mama hajambo, anakusalimu. Mimi nimepanga gesti mjini, maana mkwe halali kwa mama mkwe, na asubuhi napanda matatu ya Tetu nikute chai na nduma mezani. Baridi ya Julai huku haina adabu. Ukungu unakaa hadi karibu saa sita mchana, nami mtoto wa Mombasa nanywa chai ndani ya nyumba nikiwa na kofia ya sufu kichwani, wajomba zako wakinicheka kwa Kikuyu wakidhani sisikii. Mlima Kenya wenyewe sijauona. Kila nikiuliza naambiwa uko palepale.

Safari haina mengi ya kusimulia. Barabara pana ya Kenol, Sagana hadi Marua imewapa madereva sababu mpya ya kukimbia. Karatina nilishuka kwa makusudi. Nilipita sokoni, katikati ya viazi, kabichi na milima ya mitumba, nikatafuta mafundi wa redio nikiwauliza habari za sindano ya santuri. Vijana wa kutengeneza simu walinisikiliza kwa heshima zote, kisha wakanielekeza kwa mama mmoja anayeuza sindano za cherehani. Nilimnunulia Mama pakiti moja ili safari isiwe bure.

Fundi mwenyewe nilimpata hapa hapa Nyeri mjini, mzee wa rika la Mzee wetu kama angekuwapo. Kibanda chake kimejaa redio zilizofunguliwa tumbo. Nilipomwambia nina radiogramu ya miaka ya 70 alifunga kibanda, akachukua begi lake, tukapanda matatu pamoja. Hakuuliza hata malipo. Watu wa namna hii wamebaki wachache, na jambo hilo lina uzito katika uamuzi wako kuliko unavyodhani.

Sasa radiogramu. Unaikumbuka: kabati refu la mbao, milango ya kusukuma, kitambaa cha kufuma juu yake na picha ya harusi ya wazazi juu ya kitambaa. Mama anasema Mzee aliinunua kwa pesa za kahawa, na ukitazama kalenda unamwelewa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazili, bei ikapanda duniani kote, na kufikia 1977 mkulima wa Nyeri alikuwa na pesa ambazo hakuwahi kuziota. Wengine walijenga nyumba za mawe. Mzee alipeleka watoto shule na kilichobaki akanunulia muziki.

Fundi alitoa kitambaa, akainua kifuniko, akachungulia. Ndani mna ile mashine ya kujipangia, yenye mhimili mrefu katikati: unarundika santuri kadhaa juu, inaangusha moja baada ya nyingine. Ina mwendo wa 16, 33, 45 na 78. Sahani haisukumwi na mkanda, inasukumwa pembeni na kigurudumu cha mpira. Miaka yote hii kigurudumu kimebanwa mahali pamoja, kwa hiyo kimepata bonde dogo, na kila kikizunguka unasikia "du, du, du" chini ya muziki. Grisi ya mwaka ule imeganda ikawa gundi. Fundi aliikwangua kwa kijiti, akasafisha vyuma kwa spiriti, akadondosha mafuta ya cherehani, tone moja moja, huku akimkanya mpwa wako asipumue juu ya kazi. Kigurudumu alikipiga msasa kikiwa kinazunguka hadi bonde likapungua. Likapungua, sisemi lilikwisha.

Halafu akafika kwenye sindano, na hapo ndipo nilipoelewa ulichokuwa unaniuliza. Kichwa cha mkono wa radiogramu ni cha aina ya seramiki. Faida yake ni kwamba kinatoa umeme mwingi kiasi cha kwenda moja kwa moja kwenye amplifaya bila kifaa cha katikati, ndiyo maana viwanda vilikipenda kwa mashine za nyumbani. Hasara yake ni uzito: kinakaa juu ya santuri kwa gramu 5 au 6, wakati vichwa vya sumaku vya leo vinahitaji karibu gramu 2 tu. Sindano ikiwa nzima, santuri inavumilia. Ikiwa imechakaa inalima mifereji, na kilicholimwa hakirudi. Fundi aliitoa ya Mzee, akaiweka chini ya miwani ya kukuzia, akanipa nami nitazame. Ina pande mbili, unageuza kwa kijishikio: upande mmoja wa 78, mwingine wa santuri za kawaida. Ule wa 78 ulikuwa na ncha ya mviringo, safi. Ule wa pili ulikuwa umekatika bapa kabisa. Mzee alipiga santuri zake hadi mwisho, Mungu amrehemu.

Nikaenda kuzitazama santuri zenyewe, zile ndogo za 45, nyingi hazina tena mifuko yake ya karatasi. Joseph Kamaru yuko kwa wingi, na Daniel Kamau. Ule wimbo wa Kamaru wa kumlilia mwanasiasa J.M. Kariuki, wa mwaka ule ule wa 1975 aliouawa, ulikuwa chini kabisa ya rundo. Mama anasema Mzee aliuweka pale makusudi na hakuupiga wageni wakiwapo. Basi angalia ajabu: santuri iliyofichwa kwa hofu ndiyo iliyobaki na mng'aro, na zile za harusi na Krismasi zimekuwa kijivu. Hii ya J.M. nimeikataza isiwekwe kwenye radiogramu, na hilo ni agizo langu mimi kama shemeji mkubwa.

Upo? Sasa tuje kwenye hizo mashine mbili ulizonitumia picha.

Ya kwanza, ile ya dada yetu wa Lowell, Massachusetts, anayosema atakutumia bure kwenye kontena. Ni mashine nzuri ya Kimarekani ya miaka ya 70, mbao ya mjozi, chuma kizito. Usiipokee. Jirani yetu hapa Tetu aliletewa ya aina hiyo na mwanawe, na nilimwomba fundi anionyeshe kasoro yake. Alikata kipande cha karatasi nyeupe, akakibandika ukingoni mwa sahani, akawasha mwendo wa 33, akaniambia nihesabu raundi kwa dakika 3 kwa saa ya simu. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo dakika 3 zinatakiwa zitoe raundi 100 kamili. Nikapata 83.

Sababu ni umeme wetu. Kenya ni volti 240 na hezi 50, Marekani ni volti 120 na hezi 60. Jirani alinunua transfoma, akadhani amemaliza. Transfoma inashusha volti tu, hezi haigusi, na mota za zamani za umeme wa ukutani hufuata hezi: zikipewa 50 badala ya 60 zinakwenda pungufu kwa sehemu moja kati ya sita. Sauti ya Kamaru ikashuka nusutoni tatu nzima, akawa mzee wa miaka tisini anayeimba amechoka. Kwa baadhi ya mashine dawa yake ni kubadilisha kipuli cha mota, kikubwa kidogo kuliko cha awali, na chapa kama Thorens na Garrard zilikuwa na vipuli vya aina zote mbili. Kwa ile ya Lowell utakitafuta wapi? Jirani yetu sasa anaweka maua juu ya yake.

Ya pili ni ile ya Nanyuki, na hii ilinisumbua moyo kweli. Nilikwenda mwenyewe. Matatu ilipita Kiganjo na Naro Moru, baridi ikapungua kidogo, na pale kwenye kibao cha ikweta kijana mmoja akanionyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini mwa mstari na upande ule kusini, kwa ada ndogo. Nilimuuliza kama santuri nazo hugeuza mwelekeo tukivuka. Akaniambia hilo ni swali la ada nyingine.

Muuzaji ni Mwingereza anayerudi kwao, na Nanyuki ina wengi wa namna hiyo, ndiyo maana mtu wa santuri akitaka kitu cha zamani eneo hili aanzie huko, si Nyeri wala Karatina. Vitu vyao vilitoka Uingereza: volti 240, hezi 50, hata plagi ni ile ile ya meno matatu. Mashine yenyewe ni Rega Planar 3, kizazi cha kwanza kilichoanza 1977. Sahani yake ni ya kioo, inavutwa na mkanda wa mpira, na haina urembo wowote. Karatasi yangu ilihesabu 100. Akanipigia santuri ya jazi, nami nikasikia mguu wa mpiga besi ukigonga sakafu. Sijawahi kusikia hivyo kwenye kitu chochote nyumbani kwetu, na kwa muda nilikuwa upande wako kabisa, tayari kuipakia kwenye matatu.

Fundi ndiye aliyenirudisha. Nilimpigia simu, nikamweleza. Hakuiponda. Aliuliza tu: mkanda ukikatika Mombasa, nani ataufunga? Mkono ukilegea kwenye fani zake, nani ataukaza bila kuuharibu? Na waya zile nyembamba za ndani ya mkono, zenye unene wa unywele, chumvi ya bahari ikizila, nani atazilehemu? Kutoka Tetu hadi kwako ni zaidi ya kilomita 600. Mashine ya zamani hainunuliwi peke yake, unanunua pamoja na fundi wake, na fundi huyu haondoki Nyeri.

Kwa haki niseme kwamba kuna mashine moja ya zamani ambayo hata yeye angeiruhusu isafiri: Technics SL-1200MK2 ya ma-DJ, iliyotoka 1979. Mota yake inageuza sahani moja kwa moja bila mkanda, na kasi inashikwa na fuwele ya kwatzi, kwa hiyo hezi haiihusu, unatazama volti tu. Kiwanda kiliacha kutengeneza 1200 mwaka 2010, dunia ikalalamika, mashine ikarudi 2016. Tatizo ni kwamba zilizoko huku zimefanya kazi ya disko miaka mingi, na DJ hana huruma. Moja niliyoonyeshwa mjini mkono wake ulikuwa umepinda, na mwenyewe ananiapia kwamba ulikuja hivyo.

Basi mpya. Lakini mpya ipi? Kwenye duka moja hapa mjini wana kile kisanduku chenye mpini, cha rangi ya waridi, spika zikiwa ndani yake. Kijana wa duka ananiambia ni teknolojia ya kisasa. Nikainua mkono wake nikatazama kichwa: seramiki, shemeji. Aina ile ile kama ya Mzee, uzito ule ule wa gramu 5 na zaidi, isipokuwa radiogramu ilikuwa na amplifaya ya maana, spika kubwa na kabati la mbao, na hiki ni plastiki inayotetemeka pamoja na spika zake. Atakayekwambia mpya daima ni bora mpeleke akakione. Kati ya kisanduku hicho na radiogramu ya Mzee yenye sindano mpya, ningechukua ya Mzee bila kufikiri.

Unayoitaka ni mashine isiyo na spika ndani, yenye kichwa cha sumaku kinachofunguka kwa skrubu na sindano inayochomoka kwa mkono. Mimi nimeishia kwenye Audio-Technica LP120 ya sasa. Mota ya moja kwa moja, kasi inashikwa na kwatzi, ina 33, 45 na hata 78, na ina priamplifaya ndani yake. Hilo la mwisho usilipite haraka. Kichwa cha sumaku kinatoa umeme kidogo mno, milivolti chache tu, na amplifaya ya kawaida haiusikii bila kuukuza kwanza. Ukiwa na hii unachomeka moja kwa moja hata kwenye ile wufa yako ya sebuleni, mradi swichi ya nyuma iko upande unaofaa. Sura yake imeiga Technics, sauti haijaifikia, na Rega ya Nanyuki ingeipiga kwa mbali. Nasema hivyo ili usije ukaniambia nilikuficha.

Ila angalia sindano. Kichwa chake ni VM95, na sindano za ukoo huo zinabadilishana. Inakuja na ya yai, ambayo ni nzuri kwa santuri safi. Wewe agiza pamoja nayo ile ya mviringo, VMN95C, ambayo ndiyo ya bei ya chini, uitumie kwa zile 45 za kijivu, maana ncha ya mviringo haisumbuliwi sana na mfereji uliochakaa. Ukipata 78 za babu wa mtu, kuna ya kwake pia. Hizi zote unaagiza, zinafika, unachomeka mwenyewe bila fundi. Usisahau kwamba bei unayoiona kwenye tovuti ya Marekani si ya Mombasa: kuna nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16. Uliza kwanza Nairobi. Pita Kenyatta Market kwa Jimmy Rugami, yule wa Real Vinyl Guru, na Melodica pale Tom Mboya Street, angalau uone na ushike.

Na utakuwa na cha kupiga zaidi ya urithi. Kiwanda cha kuchapa santuri Nairobi kilinyamaza karibu na mwaka 1990, kanda zikiwa zimeshateka soko, lakini nyimbo zinarudi kwa njia nyingine. Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013 na wa pili 2016, nyimbo zilizotoka hapa kwa 45 ndogo. Mjukuu wa Kamaru, anayeitwa Joseph Kamaru vilevile na anajulikana kama KMRU, yuko Berlin na ameshughulika kutoa upya kazi za babu yake. Santuri mpya kama hizo si za kuwekea gramu 6.

Radiogramu ibaki Tetu. Nimeshamlipa fundi, na sindano mpya ya seramiki, ya kuiga lakini ncha yake ni ya almasi, ameipata kwenye kopo lake la akiba. Mama achezeshe zile za Krismasi, ambazo hazina tena cha kupoteza, na "du, du" ile iliyobaki anasema hata hakuwahi kuisikia. Alipoiwasha juzi jioni majirani wawili waliingia bila kubisha hodi.

Kwako: nunua mpya, na sindano mbili. Ya Nanyuki nimeikataa kwa niaba yako, na ya Lowell mwandikie dada leo kabla kontena halijafungwa. Zile 45 njema, pamoja na ya J.M., nimezitenga, nikazifunga moja moja kwa karatasi. Zisafiri zimesimama wima kwenye sanduku gumu, si kulazwa, wala zisipandishwe juu ya matatu wala kuachwa kwenye buti juani, kwa kuwa zitapinda kabla ya kufika Voi. Mimi mizigo yangu imejaa viazi vya Mama. Kwa hiyo niambie ni nani wa kuaminika anayeshuka Mombasa mwezi huu, nimkabidhi.

Shemeji yako